Je, Wajua kwa Nini Soksi Hufumwa Ndogo Kuliko Mguu?

Anayenunua soksi za mtumba katika soko la Karume, Ilala, hahitaji kuvua kiatu. Hukunja ngumi, akaizungushia soksi kwenye vifundo vya vidole, na iwapo ncha ya mbele inakutana na kisigino, hujua kwamba itamtosha, kwa sababu kwa watu wengi mzingo wa ngumi hukaribiana na urefu wa unyayo. Kipimo hicho ni kizuri kwa urefu, lakini hakisemi lolote kuhusu upana, na katika upana ndipo mfumaji anapoachana na fundi cherehani: fundi cherehani huongeza sentimita kadhaa juu ya kipimo cha mwili, ilhali mfumaji wa soksi huzipunguza.

Sababu imo katika kitambaa chenyewe. Kanga ni nyuzi zilizonyooka zinazopishana, hivyo ukiivuta kwa mapana yake haitanuki. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano ni vitanzi vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine. Ukikivuta, kila kitanzi hupanuka na kupungua kimo, na ukikiachia hurudi kilipokuwa. Soksi iliyolingana sawasawa na mguu haina inachokishika, basi huteremka, hujikunja ndani ya kiatu, na mkunjo huo ndio unaoleta lengelenge. Ndiyo maana mzingo hupunguzwa kwa takriban asilimia 10, na urefu wa unyayo kwa sentimita 1 hivi.

Tuseme mguu una mzingo wa sentimita 22. Soksi itakuwa ya sentimita 20. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kifue, kikishakauka uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Vikiwa 30, soksi itahitaji vitanzi 60. Mkono wako ukiwa mlegevu ukapata 27, vitanzi hivyohivyo 60 vitatoa sentimita 22 na ushei, na upungufu wote utakuwa umetoweka bila wewe kujua. Wengi hukiona kipande hicho kuwa ni kupoteza uzi. Kwa maoni yangu, anayepoteza uzi ni yule anayefumua soksi nzima.

Kisigino ndicho kinachowatisha wanaojifunza, kwa kuwa hapo mrija ulionyooka lazima upinde kona. Nusu ya vitanzi, yaani 30, hufumwa kwenda na kurudi hadi kupata kipande cha mistari 30 hivi kinachofunika nyuma ya kisigino. Kisha mfumaji hugeuza kazi kabla ya kufika mwisho wa mstari, akirudia hivyo kwa hatua, ili katikati pawe na mistari mingi kuliko pembeni. Kitambaa, kwa kukosa pa kwenda, hufura kama kikombe. Baada ya hapo huokota vitanzi vipya kandokando ya kipande kile, akavipunguza taratibu mpaka vibaki 60 vya mwanzo.

Uzi nao una neno lake. Sufu ina mawimbi ya asili yanayoivuta irudi kama springi, lakini pamba, ambayo katika joto la Dar es Salaam ndiyo inayovumilika, ikishatanuka hubaki hivyo hadi ifuliwe. Soksi ya pamba, basi, ifumwe kwa sindano nyembamba na ukingo wake wa juu uwe mrefu.

Glavu za kifuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake, hufuata kanuni ya kinyume. Kinachompa joto mpanda Mlima Kilimanjaro ni hewa iliyonaswa kati ya ngozi na kitambaa, kwa hiyo kiganja hupimwa bila gumba na kuongezwa sentimita 1 au 2.

Zile za watoto wachanga, tunazoziona mjini hata Februari, hazikusudiwi baridi, bali humzuia mtoto asijikwaruze uso kwa kucha. Hazina gumba, na ukingo wake haupaswi kubana kifundo cha mkono. Kabla ya kumvisha, zigeuze ndani nje na kukata kila uzi unaoning'inia, kwa maana uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole chake unaweza kuzuia damu isipite, naye hana la kusema ila kulia.