Si Wote Walikuwa Yatima: Makao ya Watoto ya Kanisa Nchini Ireland

Wengi huamini kwamba makao ya watoto yaliyoendeshwa na mashirika ya Kanisa Katoliki nchini Ireland yalikuwa nyumba za mayatima zilizotegemea sadaka za waumini. Dhana hiyo ina kasoro mbili, na ya pili ndiyo nzito zaidi.

Watoto wengi walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1908, umaskini wa familia ulitosha kumfikisha mtoto mbele ya hakimu, na amri ikishatolewa aliweza kuzuiliwa hadi atimize miaka 16.

Fedha nazo zilitoka serikalini. Makao hayo, yaliyoitwa rasmi shule za kazi za mikono na kuwekewa msingi na sheria ya mwaka 1868, yalilipwa ruzuku kwa kila mtoto aliyekuwamo, hivyo kitanda kitupu kilikuwa hasara. Shule ya Artane jijini Dublin, iliyoendeshwa na Mabruda wa Kikristo, shirika la watawa wa kiume wa Kikatoliki, kuanzia 1870 hadi 1969, ilikuwa na kibali cha kupokea wavulana 825, ambao walilima shamba lake na kufanya kazi katika karakana za nguo na viatu. Inaumiza kufikiri kwamba fedha hiyohiyo ingeweza kumsaidia mama mjane kulea mwanawe nyumbani.

Ripoti ya mwaka 1970 ya Kamati ya Kennedy, iliyoundwa na serikali kuchunguza shule hizo, ilipendekeza malipo hayo ya kila mtoto yakomeshwe. Mwaka 2009, Tume ya Ryan, iliyochunguza unyanyasaji wa watoto, ilieleza kwamba Wizara ya Elimu, iliyopaswa kukagua shule hizo, iliyanyenyekea mno mashirika ya watawa huku ukatili ukiwa umeenea.