Waliokosa shule hawakujifunza peke yao

Habari za watu mashuhuri waliokosa shule husimuliwa kana kwamba walijifungia na vitabu wakatoka wasomi. Sisi tunaofundisha watu wazima tunaona madhara ya simulizi hiyo: anayejisomea akikwama hudhani hana kichwa cha kusoma, akaacha. Ukweli wa maisha yao ni mwingine. Walijitafutia njia ya kujua walipokosea, na walikuwa na watu wa kuwauliza.

Benjamin Franklin, mwandishi, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alisoma shule miaka miwili hivi, akatolewa akiwa na miaka 10. Akiwa na miaka 12 akawa mwanagenzi wa uchapaji kwa kaka yake James. Baba yake alipoziona barua zake alimweleza wazi kwamba tahajia ni nzuri, ila uandishi hauna mpangilio wala mvuto. Franklin akachukua toleo la jarida la Spectator la London, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akayaweka kando kwa siku kadhaa. Kisha akaiandika upya makala nzima kwa maneno yake bila kuitazama ya awali. Alipozilinganisha, makosa yalijionyesha yenyewe. Alipoona msamiati wake ni mdogo, alizigeuza hadithi kuwa mashairi, kwa sababu vina na mizani humlazimisha mtu kutafuta neno jingine lenye maana ileile, na baadaye akazirudisha kuwa nathari. Wakati mwingine aliyachanganya madokezo yale ovyo, ili ajifunze kupanga hoja. Hayo yote aliyafanya usiku, alfajiri kabla ya kazi, au Jumapili.

Zoezi hilo halihitaji ada, na kila anayejisomea anaweza kulifanya kwa makala yoyote anayoipenda. Kusoma ukurasa mara tano humpa mtu hisia kwamba ameuelewa. Kuufunika na kuuandika upya ndiko kunakomwonyesha kama ameuelewa kweli.

Frederick Douglass, Mmarekani aliyekuja kuwa mwandishi na mpinga utumwa mashuhuri, hakuwa hata na uhuru wa kushika kitabu. Akiwa mtoto mtumwa huko Baltimore, alifundishwa herufi na Sophia Auld, mke wa bwana aliyemtumikia, mpaka mume wa mama huyo akapiga marufuku. Tangu hapo walimu wake walikuwa watoto wa mtaani: aliwapa mkate, nao wakamfundisha kusoma. Kuandika alikupata kwa ujanja. Akikutana na mvulana anayejua kuandika, humwambia kwamba naye anajua vilevile. Mvulana akitaka kumshinda, huandika, na Douglass akapata somo. Alitoroka utumwani mwaka 1838.

Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa mtoto wa mhunzi, akawa mwanagenzi akiwa na miaka 14 kwa mjalidi wa vitabu jijini London, akawa anasoma vitabu alivyopewa kuvijalidi. Alichokisoma kuhusu kemia na umeme alikijaribu kwa mikono yake. Kaka yake Robert alimlipia shilingi 1 kwa kila mhadhara wa sayansi, na rafiki yake Edward Magrath alikuwa akimsahihisha lugha. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Faraday aliandika alichosikia, akakijalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, na mwaka 1831 akagundua kanuni inayozalisha umeme katika jenereta.

Pengo moja halikuzibika: hisabati. Faraday alijua hivyo na hakuona haya kulisema. Mwaka 1857, akiwa na miaka 66 na jina kubwa Ulaya nzima, alimwandikia mwanafizikia James Clerk Maxwell, kijana wa miaka 26, akimuuliza kama wanahisabati hawawezi kueleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida, ili watu kama yeye nao wayafanyie majaribio.