Bia Nyeusi Si Lazima Iwe Kali

Wengi huamini kwamba bia ikiwa nyeusi basi ni kali. Maildi nyeusi (dark mild), aina ya bia ya Uingereza, inayopendwa hasa Birmingham na Wolverhampton, haiko hivyo: kwa kawaida ina kilevi cha asilimia 3 hadi 3.8, ilhali bia nyingi za rangi ya dhahabu hufika 5. Weusi huletwa na kimea kilichokaangwa sana, tena kidogo tu, au karameli. Kilevi hutegemea sukari iliyoliwa na hamira. Usiinywe ya baridi kali. Nyuzi 12 hivi zinatosha, ndipo utasikia karameli, zabibu kavu, kakao kwa mbali, uchungu haba, na wepesi mtamu kweli. Maildi kali zipo chache: Dark Ruby ya kiwanda cha bia cha Sarah Hughes, kutoka mji wa Sedgley karibu na Wolverhampton, ina asilimia 6.