Msilaumu Chumvi: Dhana Potofu Kuhusu Maharagwe ya Kuponda na Kukaanga

Kila kundi jipya la wanafunzi wa upishi huja na lalamiko hili: maharagwe yamechemka saa tatu, yamepondwa, yamekaangwa, na bado mdomoni yana chengachenga. Ukiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Nilitia chumvi mapema." Imani hii imerithishwa jiko kwa jiko, na inaharibu maharagwe mengi kuliko kosa lolote jingine, kwa sababu anayeishika humwacha mkosaji halisi ndani ya sufuria.

Chakula chenyewe ni frijoles refritos, maharagwe ya Meksiko yanayochemshwa hadi yalainike kabisa, kisha yakapondwa na kukaangwa mpaka yawe rojo zito. Anayeijua firinda, rojo la maharagwe la Tooro, magharibi mwa Uganda, amefika nusu ya safari. Tofauti ni kwamba maharagwe ya firinda humenywa, na haya hupondwa pamoja na maganda yake. Ganda lisipolainika, hakuna mwiko utakaoliokoa.

"Chumvi hufanya maharagwe yawe magumu"

Hapana. Chumvi hulainisha ganda. Seli za haragwe zimeshikanishwa na pektini, ambayo ni kama gundi ya mmea, na gundi hiyo hukazwa na kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huingia ikachukua nafasi ya madini hayo, gundi ikalegea. Ni kweli chumvi huchelewesha kidogo maharagwe kunywa maji, lakini ukiloweka usiku kucha hilo halina athari yoyote utakayoiona.

Vipimo ni hivi. Kwa nusu kilo ya maharagwe makavu, tia maji lita 2 na vijiko 2 vya chakula vya chumvi, visiwe na kilima. Loweka saa 8 hadi 12. Usipitishe hapo siku za joto, maji yataanza kutoa povu na kuchacha. Mwaga maji hayo, suuza, kisha bandika kwa maji mapya yanayoyazidi maharagwe kwa vidole vitatu, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ndiyo, tangu mwanzo.

Asiyeamini agawe maharagwe yake katika sufuria mbili, maji yale yale na moto ule ule, moja aloweke na kuchemsha kwa chumvi na nyingine bila. Yakiiva, atoe punje moja kila upande na kuiminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Ile ya chumvi husagika yote, ganda likapotelea ndani ya rojo. Ile nyingine husagika ndani tu, na kidoleni hubaki kijiganda kinachoteleza kama kipande cha nailoni. Kijiganda hicho ndicho ile chengachenga.

Basi wakosaji ni nani? Wa kwanza ni nyanya. Katika majiko mengi ya hapa, chumvi, nyanya na kitunguu huingia sufuriani kwa pamoja. Maharagwe yakikataa kuiva, lawama huangukia chumvi wakati kazi yote imefanywa na nyanya. Asidi huimarisha pektini badala ya kuilegeza. Ndimu, siki na ukwaju ni vivyo hivyo. Nyanya isiguse sufuria mpaka punje tano ulizochota pembe tofauti zisagike kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zikisagika nne na moja ikawa na kiini kama chaki, rudisha kifuniko na uendelee.

Wa pili ni maji magumu. Maji ya baadhi ya visima vya pampu yana kalsiamu nyingi, ile ile inayokaza gundi. Ukiona binika yako inajenga ukoko mweupe ndani, pikia maharagwe maji ya mvua.

Wa tatu ni umri. Maharagwe yaliyokaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, na mengine hayaivi hata ukichemsha kutwa. Uganda tuna misimu miwili, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua ya zamani: tafuta mapya Juni hadi Julai, na tena Desemba hadi Januari. Angalia rangi. Nambale, aina ya maharagwe inayopendwa Uganda, ikiwa mpya ina madoa mekundu juu ya usuli mweupe wa maziwa. Ya zamani usuli wake umegeuka hudhurungi. Na usichanganye mapya na ya zamani katika sufuria moja, hayataiva pamoja kamwe.

Wa nne ni mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Muda ulioandikwa kwa mpishi wa Mombasa haufai huko. Sufuria ya presha ndiyo dawa.

"Magadi yanatosha, mengine ni maneno tu"

Magadi kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula hunuka sabuni. Kwa maji magumu au maharagwe makongwe, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo. Zaidi ya hapo ni kuficha tatizo kwa kuongeza jingine.

"Refritos maana yake yamekaangwa mara mbili"

Yanakaangwa mara moja. Katika Kihispania cha Meksiko kiambishi cha mwanzo "re-" hutia mkazo: yaliyokaangwa sawasawa. Wanaokaanga maharagwe, wakayapoza, kisha wakayakaanga upya wanakunywesha chakula mafuta bure.

"Bila pinto na mafuta ya nguruwe si yenyewe"

Pinto, maharagwe yenye madoadoa, na maharagwe meusi ndiyo ya kwao, na mafuta ya nguruwe ndiyo ya asili. Nambale hufanya kazi vizuri sana. Ya njano huiva upesi na kutoa rojo laini zaidi, ila bei yake iko juu. Samli ndiyo mbadala ninaoupendekeza kwa moyo wote. Mafuta ya kawaida yanafaa pia. Muhimu ni kiasi: vijiko 6 vya chakula kwa nusu kilo ya maharagwe. Ukitia viwili utapata uji wa maharagwe.

"Mwaga supu, ndiyo inayoleta gesi"

Mwaga maji ya kulowekea, hayo yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi. Supu ya kupikia usimwage! Ndiyo yenye ladha na wanga wa kulainisha rojo. Weka vikombe viwili pembeni kabla ya kuponda. Anayeponda kwa maji ya bomba asishangae kupata kitu kisicho na ladha.

"Ukiwa na kikapu cha kuhifadhi joto, huna haja ya kuchemsha sana"

Hili ni la hatari. Maharagwe, hasa mekundu, yana lektini inayosababisha kutapika na kuhara. Huvunjwa na mchemko, si uvuguvugu. Kwenye nyuzi 80 sumu inaweza hata kuongezeka. Chemsha kwa nguvu kwanza, yakitokota, dakika 30 kamili, ndipo uhamishie kikapuni. Hata hivyo utakuwa umeokoa makaa ya kutosha.

"Yakaange mpaka yakauke"

Chukua kikaango kizito. Sufuria nyembamba juu ya sigiri huunguza chini kabla juu hakujapata joto. Punguza makaa. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa katika samli hadi kingo ziwe kahawia, tia maharagwe kidogo kidogo na uyaponde humo humo kwa mwiko au chini ya kikombe cha bati, ukiongeza supu. Blenda si dhambi, ila hudai maji mengi na huondoa vile vipande vidogo vinavyolipa rojo uhai. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Pitisha mwiko katikati: njia ikikaa wazi kama sekunde mbili kisha ikajifunga, epua. Yataonekana mepesi, lakini wanga huganda yakipoa. Ukingoja yakaze kikaangoni, mezani utakuwa na tofali.

Ndimu, kama unaipenda, kamua sasa. Pakaza ndani ya chapati ya moto pamoja na kachumbari, na wapenzi wa kikomando, chapati na maharagwe ya mitaani Uganda, watakuelewa mara moja. Yanayobaki yaingie friji yakishapoa, yatumike ndani ya siku 3. Ukiyapasha, anza na vijiko viwili vya maji ya moto, si mafuta.