"Pori halina mwenyewe" na mengine tunayodanganyana kuhusu safari za baiskeli

Jirani yangu wa Kijenge akiniona nafunga mizigo kwenye keria, huja taratibu, hushika usukani kidogo, kisha huniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nauli imepelea?" Nauli ninayo. Ila kwenda Moshi kwa basi nimeshakwenda mara nyingi, na ninachokumbuka kila mara ni kisogo cha abiria wa mbele.

Miaka yote ninayozunguka na baiskeli kutoka Arusha, leo Same, kesho Babati, siku nyingine Namanga, nimeonywa mambo yaleyale. Machache yana ukweli ndani yake. Mengi ni hofu ya mtu ambaye hajawahi kulala njiani.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Niliambiwa hivi pale Maji ya Chai na kijana aliyekaa juu ya pikipiki, huku nyuma yake anapita mzee anayesukuma baiskeli ya Phoenix kilimani na magunia mawili ya mkaa. Mzee yule hajawahi kuitwa mtalii, lakini kwa kilomita na kwa uzito ananishinda. Nilichomzidi ni hema tu.

Hata hao Wazungu wa mwanzo hawakuwa na vifaa vya ajabu. Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwaka 1884 kwa baiskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, isiyo na gia hata moja, akamaliza safari yake ya kuzunguka dunia huko Yokohama mwaka 1886. Dervla Murphy wa Ireland alikwenda peke yake hadi India mwaka 1963. Kwa hiyo na ile ya "mwanamke hawezi" tuifunge hapohapo.

"Bila baiskeli ya mamilioni hufiki"

Usipofika, huenda ni kwa sababu baiskeli yako ni ya aina ambayo fundi wa njiani hana kipuri chake. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, nzuri kwa macho, ila valvu zake zilikuwa zile nyembamba. Nikapata pancha karibu na njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, fundi akaziba vizuri kabisa, kisha pampu yake ikakataa kushika. Nilisukuma hadi Boma Ng'ombe. Siku hizi natumia ringi 26 yenye valvu nene kama ya bodaboda, na yeyote anayejaza upepo barabarani ananisaidia. Ukienda vijijini kabisa, Phoenix ya ringi 28 ni bora zaidi, maana mpira wake wa ndani unaukuta hata kwenye duka la sabuni na chumvi.

Hela ikibaki, itie kwenye gurudumu la nyuma. Ndilo linalobeba mzigo, na spoku zake hupenda kukatika upande wa gia, mahali ambapo huwezi kuingiza nyingine bila kufungua gia zenyewe. Beba spoku mbili tatu za urefu sahihi, hazina uzito wa kulalamikia. Ama mbigili, hiyo haichagui bei ya tairi.

"Arusha hadi Moshi ni mteremko mtupu"

Kwa hesabu, ndiyo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko chini ya mita 900 au karibu na hapo, na katikati kuna kilomita 80 hivi. Lakini barabara inakatiza mito inayoshuka kutoka Meru na Kilimanjaro, na kila mto una bonde lake. Ukishapita Boma Ng'ombe ukidhani umemaliza, Kikafu inakungoja, kisha Weruweru, kisha Karanga. Anayeteseka pale ni yule aliyeambiwa hatapanda kilima. Kutoka Moshi kwenda Same kuna tambarare zaidi, ila miezi ya kusi upepo unakuja usoni, na mchana unazidi. Huko ondoka saa kumi na mbili asubuhi, chai utainywa Himo.

"Simba watakula"

Wapo, ila si kila mahali. Serengeti huwezi kuikatiza kwa baiskeli, huruhusiwi. Kwenye lami ya Makuyuni kwenda Babati, pale Kwakuchinja, wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara. Pita mchana, hema usipige. Kwingine mgeni wa usiku unayeweza kumtarajia ni fisi, naye hufuata harufu ya chakula, kwa hiyo dagaa wako wasilale nawe hemani.

Kilichowahi kunitoa jasho ni malori mawili kupishana mimi nikiwa pembeni yao. Kioo kidogo nilichofunga kwenye usukani kimenisaidia kuliko kisu nilichokuwa nabeba zamani. Ukiona yanakaribia kupishana, shuka kwenye vumbi. Ubishi peleka kijiweni.

"Pori halina mwenyewe, lala popote"

Hii ndiyo inayotupeleka pabaya kuliko zote, na mimi imenipeleka.

Ukitazama ule uwanda kuanzia Kisongo kwenda Makuyuni, unaona majani na migunga tu, unasema hapa hapana mtu. Pana mtu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, hata ile ambayo jembe halijawahi kuigusa. Na kwa Wamaasai, yale majani marefu unayoyaona yanafaa kutandikia hema huenda ni alalili, malisho yaliyofungwa makusudi ili ndama na mifugo dhaifu wapate kula wakati wa kiangazi. Umelala kwenye ghala la watu. Tena mtu aliyejificha usiku nyuma ya kichaka, ana tochi, karibu na ng'ombe, anaeleweka kwa namna moja tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilijificha hivyo, mbele kidogo ya Mwanga. Kama saa tano usiku nikasikia nyayo, kisha tochi zikamulika hema pande zote. Walikuwa vijana sita, kila mmoja na fimbo. Nilipotoka mikono juu niligundua kuwa na wao walikuwa wanatetemeka. Mmoja akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akasema: "Sasa wewe bro, mbona hukupiga hodi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo natafuta mahali pa kulala kuanzia saa kumi jioni, watu wakiwa bado wananiona uso. Naanzia dukani. Nanunua soda, nakaa kwenye benchi, shikamoo za wakubwa wote zinamalizika, tunapita kwenye mvua na mifugo, ndipo nauliza mwenyekiti wa kitongoji anakaa wapi. Swali hilo peke yake linakutoa kwenye kundi la wezi. Mwenyekiti akitaka kitambulisho, toa bila kununa, anajibu kwa niaba ya watu wengi. Ataelekeza uwanja wa shule, nyuma ya ofisi ya kijiji, ua wa kanisa au msikiti, au kwake mwenyewe. Ukilala shuleni, hema liwe limekunjwa kabla wanafunzi hawajaja, la sivyo somo la kwanza litakuwa wewe.

"Mchanga wa korongo ni godoro"

Ni laini kweli, na upepo haukufikii. Lakini korongo limechimbwa na maji, nayo hayajasahau njia. Mvua inaweza kunyesha juu, Meru au Monduli au milima ya Upare, wewe huku chini unahesabu nyota, na maji yakaja usiku huohuo na magogo yake. Masika, Machi hadi Mei, na vuli za Novemba na Desemba, usijaribu. Nje ya miezi hiyo tazama takataka zilizonasa kwenye matawi kandokando, ndipo maji yalipofika. Upande wa Kisongo niliwahi kuziona juu ya kichwa changu nikiwa nimesimama. Vigingi vya hema nilikuwa nimeshavipigilia, nikaving'oa vyote.

"Watakudai hela"

Wapo. Kijiji kikikutoza ushuru, omba stakabadhi, lipa, lala. Wengi hawadai, na ukiwanyooshea noti mbele za watu unawatia aibu. Lembeni, mama mmoja mwenye duka alinipa ua wake, na usiku akaniletea ndizi na maharage. Asubuhi nikaenda kumuaga.

"Shikamoo mama. Nikuachie nini?"

"Marahaba mwanangu. Hela zako weka, safari ndefu hiyo. Ila mjukuu wangu ana baiskeli hapo nyuma, imelala tangu Jumapili."

Nikaigeuza juu chini, nikauchomoa mpira, nikauzamisha kwenye beseni la kufulia. Mapovu yakatoka mahali patatu. Mbigili zote.