Mawimbi ya Mtwara na Lindi kwa Anayeanza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayetaka kujifunza kupanda mawimbi kwa ubao Mtwara au Lindi huambiwa mambo mawili yanayopingana: kwamba huku hakuna mawimbi, na kwamba bahari ya huku haichezewi. Ukweli ni kwamba mawimbi madogo ya kumfaa mwanafunzi yapo, ila yana saa zake. Saa hizo hupangwa kwanza na maji kujaa na kupwa, kisha na upepo. Ukubwa wa wimbi, ambao ndio kila mtu huuulizia, huja nafasi ya tatu.

"Huku hakuna mawimbi"

Chanzo cha dhana hii ni Madagaska. Kisiwa hicho hukinga sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayozaliwa kwenye dhoruba za kusini kabisa mwa dunia, yale yanayoifanya Afrika Kusini ijulikane kwa mchezo huu. Yanayotufikia sisi ni mawimbi yaliyofinyangwa na upepo wa kusi na kupita kaskazini mwa kisiwa. Ni mafupi: kati ya wimbi na wimbi hupita sekunde 6 hadi 9. Miezi ya Juni hadi Agosti, mita 1.5 hadi 2 nje ya mwamba ni jambo la kawaida.

Kisha yanakutana na mwamba wa matumbawe. Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina cha takriban mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo wimbi la mita 2 huanza kuanguka penye maji ya mita 2.6. Kubwa humalizikia mwambani, na kinachovuka hadi mchangani ni wimbi la magotini au kiunoni, au povu tupu. Mtaalamu atakunja uso. Anayejifunza kusimama juu ya ubao hahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu wiki za kwanza zote ni za povu.

"Kusi ni hatari, kaskazi ni salama"

Kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, kweli ndio upepo wenye nguvu zaidi. Lakini kinachomdhuru mwanafunzi ni upepo ukilinganishwa na uso wa ufukwe wake. Pwani yetu imekatwakatwa na ghuba na rasi, hivyo siku hiyohiyo ya kusi, ufukwe ulioelekea bahari kuu unachafuka huku ule ulio ndani ya ghuba, kama Mikindani au pembe za Ghuba ya Lindi, umelala kama maziwa mtungini.

Utulivu huo nao una mtego. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, maji ya karibu huonekana laini na ubao mwepesi hupeperushwa nje polepole bila mtu kutambua. Mita 50 za kwanza hazisikiki. Ukigeuka kupiga makasia kwa mikono kurudi, unapambana na upepo usoni, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo kinga ya ardhi inavyopungua. Upepo wa namna hii ukiwa na nguvu ya kutikisa makuti, kaa penye maji ya kiunoni au usiingie.

Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, ni mpole zaidi, lakini hupuliza moja kwa moja kwenye fukwe zinazotazama kaskazini mashariki. Isitoshe, msimu wake umo ndani ya msimu wa vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kati ya kusi na kaskazi kuna majuma ya matlai, upepo hafifu wa mashariki. Kwa maoni yetu hayo ndiyo majuma bora ya kuanza, hasa Oktoba na Novemba mapema: kusi limechoka, mvua hazijashika.

Katika msimu wowote, alfajiri hushinda mchana. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na hewa huteremka taratibu kuelekea majini. Huo ndio umande wa wavuvi. Kuanzia saa 4 au 5 asubuhi jua limeshachoma ardhi na upepo unageuka kutoka baharini. Vichwa vyeupe vikitapakaa kila upande, upepo umepita kilomita 20 kwa saa, na somo la siku hiyo limekwisha.

"Maji yakipwa ndiyo salama, maana ni mafupi"

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu wengi zaidi, na ina mantiki ndiyo maana inadumu. Maji mafupi hayamzamishi mtu, ila yanamgonganisha na chini. Yakipwa, mchanga wa ufukweni hubaki mkavu na mawimbi huhamia ukingoni mwa mwamba, penye matumbawe makali na viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Anayetembea hadi huko ana tatizo la pili: mara nyingi kati ya mwamba na ufukwe kuna bonde. Maji yakianza kujaa, bonde hujaa kabla ya mwamba kufunikwa, na aliyesimama mbele, akitazama baharini, hukuta njia ya kurudi imeshafika kifuani.

Fahamu hesabu yenyewe. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku mzunguko huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, tofauti ya kupwa na kujaa huku kusini hupita mita 3. Siku za maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3.6, hiyo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Yaani katika saa ya tatu na ya nne, maji ya magotini yanakuwa ya shingoni kabla hujamaliza kupumzika.

Dirisha la mwanafunzi ni kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa moja baada yake. Hapo kuna maji ya kutosha juu ya mwamba kupitisha mawimbi, na chini yako ni mchanga. Wimbi la sentimita 60 litavunjika penye maji ya takriban sentimita 80, kina cha kiunoni, ambacho unaweza kusimama. Siku za bamvua kubwa, ruka nusu saa ya kilele: maji hufika kwenye mteremko mkali wa juu wa ufukwe na wimbi hubwagika palepale mchangani, likikubwaga nawe. Majeraha ya shingo hupatikana hapo, si mwambani tu.

Je, bamvua ni mwezi mpevu tu? Hapana. Mwezi unapoandama, mbingu ikiwa giza, ni bamvua vilevile, na yale makubwa kupita yote huja karibu na Machi na Septemba. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na 12, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na 6. Maji mafu ni kinyume chake. Ukiunganisha hilo na umande wa asubuhi, jibu linajitokeza lenyewe: tafuta siku ya 4 hadi ya 6 baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Maji hujaa takriban saa 1 hadi saa 3 asubuhi, bamvua limeshapungua makali na upepo bado umelala. Anayefuata mwezi mwandamo atazihesabu kuwa karibu tarehe 4 hadi 6 na 18 hadi 20. Hakikisha na jedwali la maji la Bandari ya Mtwara; hesabu ya mwezi inakosea kwa nusu saa hivi, na nusu saa ni nyingi.

"Simu imesema mita 1.2, twende"

Namba hiyo ni ya bahari ya wazi. Programu nyingi hukadiria hali kwa miraba yenye upana wa kilomita nyingi. Mwamba wa Msimbati na mlango wa Ghuba ya Lindi havionekani humo. Pili, kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Moja moja hufika karibu mara mbili ya hapo, na mawimbi huja kwa makundi. Kaa mchangani dakika 15 hadi 20 ukitazama kabla ya kulowa. Ukitazama dakika 3 utakuwa umeona mapumziko tu.

Tatu, soma sekunde, yaani muda kati ya wimbi na wimbi, pamoja na mita. Nguvu ya wimbi hufuata kimo kikizidishwa kwa chenyewe, kisha mara sekunde. Kwa hiyo wimbi la mita 1 la sekunde 12 lina nguvu karibu sawa na la mita 1.5 la sekunde 6. Sekunde zikipanda ghafla kupita 11 kwenye pwani hii, jiulize linatoka wapi.

Utabiri wa kuanzia ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Hutoa viwango vitatu: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ukisikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hata kama ni angalizo tu, ubao ubaki nyumbani. Halafu pita mwaloni. Ngalawa zikiwa zimepandishwa juu asubuhi ya siku ya kazi, kuna sababu, na utaambiwa bure.

"Anga jeupe, bahari salama" na "vimbunga havifiki kwetu"

Zinakwenda pamoja. Kimbunga kilicho mamia ya kilomita, kwenye Mlango wa Msumbiji au karibu na Komoro, hutuma mawimbi marefu mbele yake chini ya jua kali bila wingu. Hizo ndizo sekunde 11 na zaidi tulizotaja.

Na kufika, vinafika. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa, na wakazi wa Mtwara wakahamishwa kwa tahadhari. Mei 2024 Hidaya kilifika karibu na Kisiwa cha Mafia na mvua zake zikakata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam eneo la Somanga. Ona miezi hiyo: Aprili na Mei, wakati wengi hudhani msimu umekwisha.

"Ingia pale maji yametulia kati ya mawimbi"

Pale palipotulia ndipo maji yanaporudi baharini. Mawimbi yanamwaga maji kila upande wa ufukwe, nayo hutafuta njia ya kutokea, aghalabu penye uwazi wa mwamba. Dalili ni mstari wa maji yenye rangi nzito au mchanga uliotibuka, povu linaloelekea nje, na mawimbi yasiyovunjika hapo tu. Maji yanapopwa kwa kasi, mkondo huo huongezeka nguvu. Kwenye milango mikubwa, kama ule wa Ghuba ya Mnazi karibu na Ruvula, mikondo ya kujaa na kupwa si ya mwanafunzi saa yoyote. Mlango wa bandari kati ya Shangani na Msangamkuu nao ni njia ya meli na vivuko, usielee humo.

Ukishikwa, usishindane nao kuelekea ufukweni. Baki juu ya ubao, ambao ndio boya lako, inua mkono mmoja, piga makasia sambamba na ufukwe mita 30 hadi 50, kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika maana hayo hukusukuma nchi kavu. Nje ya mwamba mkondo wa jumla huelekea kaskazini, kwani mkondo mkuu wa Bahari ya Hindi hugonga bara karibu na Rasi Delgado na kugawanyika. Anayetafutwa atafutwe upande huo kwanza. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mpango wako halisi ni mwenzako aliye mchangani mwenye simu.

Mengine kwa kifupi

Ubao mfupi si rahisi kwa kuwa ni mwepesi kubeba. Anayeanza anahitaji wa sponji wenye urefu wa mita 2.4 au zaidi na upana wa sentimita 55 na kuendelea. Mfupi huzama mbele na kumkatisha tamaa. Kamba ya mguuni iwe na urefu karibu sawa na ubao. Ukianguka, anguka kwa mgongo au ubavu, kamwe si kwa kichwa, na uibuke mikono ikikinga uso.

Ratiba ya masika na vuli ya Dar es Salaam haitumiki huku. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, wenye radi. Radi ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mmweko, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Baada ya mvua kubwa, mdomo wa Mto Lukuledi hutoa maji ya matope na magogo. Ruvuma una mamba na viboko pia. Subiri maji yarudi rangi yake.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo kuna kiingilio, na kukanyaga matumbawe ni kosa mbali na kujiumiza. Mchangani buruta nyayo badala ya kuzinyanyua ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, toa kipande cha mwiba kilichobaki juu juu, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda kituo cha afya. Mwiba uliozama ndani sana, au uliochoma kifua au tumbo, usiung'oe mwenyewe.