Taa kutowaka si ushahidi kwamba waya hauna moto

"Fundi, nimeweka taa haiwaki. Waya hauna moto, shika tu." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, Igogo hapa Mwanza, na mwenye nyumba ambaye alikuwa tayari ameshafungua soketi kwa bisibisi. Huu uongo unaua watu, kwa hiyo naanza nao na nitakaa nao.

Taa ya kupimia, yaani globu kwenye holda yenye waya mbili, haipimi moto. Inaonyesha tofauti ya volti kati ya ncha mbili ulizogusa, basi. Matangi mawili yaliyojaa sawa ukiyaunganisha kwa bomba, maji hayaendi popote, lakini matangi yote yamejaa. Ndivyo ilivyo kwa ncha mbili za fezi moja, yaani waya unaoleta umeme: kila moja ina volti 230, taa iko giza, na mkono wako ukigusa yoyote umeshikwa.

Linalotokea sana ni nyutro, waya wa kurudisha umeme, kukatika, iwe kwenye nguzo au kwenye meta. Nyumba inazimika, watu wanasema umeme umekatika. Friji bado imechomekwa, kwa hiyo fezi inapita ndani yake na kurudi kwenye waya wa nyutro uliobaki unaning'inia. Weka testa, ile bisibisi yenye kitaa cha neoni ndani, kwenye soketi: inawaka matundu yote mawili, la fezi na la nyutro. Weka taa kati ya matundu hayo: giza. Hapo ndipo mtu anaposema "hakuna kitu" na kuushika waya wa nyutro.

Kwa hiyo pima fezi na nyutro, fezi na athi (waya unaoenda ardhini), nyutro na athi. Kabla ya hapo washa taa yako mahali unapojua kuna umeme, na ukimaliza irudishe palepale iwake tena. Globu iliyokatika waya nayo haiwaki, jamani.

Ukipima fezi na athi, breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ikiwepo itakatika. Inakatika kwa miliampia 30, na globu ya wati 60 inavuta kama 260. Si ubovu wa breka. Na hapa Mwanza, kwenye milima hii ya mawe, fimbo ya athi mara nyingi inagonga mwamba kabla haijazama. Taa ikiwaka vizuri kwenye nyutro lakini ikafifia kwenye athi, usiseme umeme ni mdogo: athi yako ndiyo mbovu. Wakati unapima hivyo asishike mtu friji wala pasi, maana bodi zake za chuma zinaweza kupata moto kupitia athi hiyohiyo.

"Testa imewaka, basi umeme upo wa kutosha." Hapana. Testa ya neoni huwaka hata kwa umeme wa kuambukizwa na waya wa jirani. Haikwambii kama una volti 230 au 120.

"Globu ya LED inafaa zaidi, haili umeme." Kwa kupimia haifai kabisa. Nyingi huwaka vilevile volti zikishuka sana. Tumia globu ya zamani ya waya, mwangaza wake unafuata volti.

"Waya zote tatu zina moto, basi ni fezi tatu." Wenye mashine za kusaga wananichosha kwa hili. Mota ikipoteza fezi moja huku inazunguka, hurudisha volti kwenye waya uliokufa, na testa inawaka. Zima mota, kisha pima fezi kwa fezi. Giza kati ya mbili maana yake ni fezi ileile imeunganishwa mara mbili, au moja imekatika na nyingine bado ina moto. Mzunguko wa kinu ukienda kinyume ni suala lingine: badilisha fezi mbili zozote, umeme ukiwa umezimwa. Taa peke yake haiwezi kukuonyesha mpangilio wa fezi hizo.

Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na globu moja ya 230 itapasuka usoni mwako. Funga mbili mfululizo, za wati sawa. Zikitofautiana, ile ndogo inabeba volti nyingi na kuungua kwanza. Holda ziwe za plastiki ngumu, globu zifunikwe, kila waya uwe na fyuzi yake, na ncha za shaba zisiachwe wazi zaidi ya milimita chache.